Ibada ya kila jioni, siku moja ya wiki, au maongezi ya njiani? Ulinganisho kwa wanaolea imani ya watoto nyumbani

Swali ninalosikia sana kwa wazazi baada ya ibada, hapa Kisumu na hata nikiwa Vihiga au Nakuru, si kama mtoto alelewe katika imani. Hilo walishaliamua zamani. Wanachouliza ni njia gani waifuate. Warudie ibada ya kila jioni waliyolelewa nayo? Watenge siku moja ya wiki na kuiheshimu? Wazungumze na mtoto nafasi inapopatikana? Au wawaachie mwalimu wa shule ya Jumapili na katekista, ambao angalau wamefunzwa kazi hiyo? Kila njia ina watetezi wake, na kila moja nimeiona ikizaa na nimeiona ikikauka.

Nitazilinganisha kwa vipimo viwili. Cha kwanza: je, itadumu katika wiki ya kawaida ya nyumba yenu, si wiki ya krusedi wala ya likizo? Cha pili, na kwangu ndicho kizito zaidi: mtoto akiondoka, ataondoka nayo? Zamani watoto wengi walipelekwa bweni wakiwa darasa la sita au la saba ili wajiandae kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tangu 2023, gredi ya 7 imekuwa ikisomewa kwenye shule za msingi, na ya 8 na ya 9 zikafuata, kwa hiyo mtoto wa Kondele hapa Kisumu au wa Kaptembwa kule Nakuru aghalabu hulala kwao mpaka anapokaribia miaka 15. Kundi la kwanza la gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu Januari 2026, wengi wakiwa na sanduku la bati na godoro. Usiku wa kwanza bwenini hakuna mtu wa kuita, "Haya, zimeni TV, tuombe." Hapo ndipo utajua ulichokuwa ukijenga miaka yote hiyo.

Ibada ya kila jioni

Hii ndiyo njia ya wazee wetu. Marafiki (Waquaker) walipofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakaanza shule Maseno mwaka 1906, na Waadventista wakapiga kambi Gendia mwaka huohuo, waliojiunga nao walirudi bomani na desturi ya kukusanya watu wa nyumba jioni: wimbo, kifungu, neno fupi, maombi, kisha kulala. Wakatoliki nao wakaleta rozari. Boma zilizoishika desturi hiyo bado zipo, na ukilala katika mojawapo utaijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu saa mbili usiku viti vinasogezwa vyenyewe.

Nguvu yake ni kwamba haimsubiri mzazi apate hamu. Saa ikifika, imefika. Inamkuta kila aliye ndani, pamoja na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa na watoto saa nyingi kuliko mama yao. (Nyumba inayomwacha dada jikoni akiosha sufuria wakati wengine wanaomba inawafundisha watoto somo jingine kabisa.) Tena inawajengea watoto wadogo akiba ya maneno. Mtoto wa miaka mitano hajui "rehema" ni nini, lakini akiisikia kila jioni, siku maana yake itakapomfikia atakuwa na mahali pa kuiweka.

Udhaifu wake unaonekana kwenye kipimo cha kwanza. Mama anayeuza nguo Kibuye anafika nyumbani giza limeshaingia. Muuguzi ana zamu ya usiku. Baba anaendesha matatu ya Kisumu–Busia na watoto hulala kabla hajarudi. Kwao, ibada ya kila jioni hugeuka deni: wanaianza Januari kwa kishindo, wanairuka Februari, na kufikia Pasaka kila mtu anaona haya kuitaja. Watoto wanajifunza kwamba imani ni kitu kinachoanzwa na kuachwa.

Pia kuna ugonjwa wa mahubiri. Akina baba wengine wakipata Biblia na watu wasioweza kuondoka, hawajui kumaliza. Dakika arobaini kuhusu utii, macho yakimtazama mtoto mmoja aliyevunja glasi mchana! Dakika kumi zinatosha kwa watoto wa shule ya msingi, na kumi na tano kama kuna nyimbo. Zaidi ya hapo unawafundisha kusinzia wakiwa wamekaa.

Ukichagua njia hii, uamuzi mkubwa unaofuata ni sala zipi: za kukariri au za kujitungia? Hapa makanisa yetu yametofautiana kweli, na si vibaya kila upande kuazima kwa jirani.

Rozari haihitaji mhubiri. Ina matendo matano, kila tendo na Salamu Maria zake kumi, na mtoto wa miaka saba anaweza kuongoza tendo moja bila kukosea. Inachukua kama dakika ishirini. Kwa kipimo cha pili inashinda kirahisi: mtoto anaondoka nayo kichwani na mfukoni, na bwenini anaweza kuisali chini ya blanketi bila taa wala kitabu. Ndivyo ilivyo pia kwa Baba Yetu, Nasadiki, Zaburi ya 23 na Amri Kumi. Hatari yake inajulikana: mdomo unakwenda Nazareti na akili imebaki kwenye mpira. Dawa si kuiacha. Dawa ni kusimama mara moja kwa wiki kwenye tendo moja na kuuliza: hapa Maria alikuwa akiogopa nini?

Watu wa Pentekoste na wa makanisa ya Roho humzoesha mtoto kusema na Mungu kwa maneno yake. Anajifunza mapema kwamba anaweza kutaja mtihani, homa ya mdogo wake na kodi ya nyumba, na hilo lina thamani kubwa. Lakini sikiliza vizuri: mara nyingi mtoto hatungi, anaiga. Utamsikia wa miaka minane akikunja uso na kukemea roho za ukoo kwa sauti ya mchungaji, neno kwa neno. Amekariri vilevile, ila hajui kwamba amekariri. Ukitaka maneno yake kweli, mwombe ataje jambo moja lililomfurahisha leo na moja lililomuumiza, basi aseme amina.

Marafiki wana urithi wa kukaa kimya mbele za Mungu, ingawa ibada zao huku kwetu zimejaa nyimbo na mahubiri kama za wengine. Dakika mbili za kunyamaza mwishoni mwa ibada ya jioni zinawafaa sana watoto wakubwa ambao wamechoka kusikia sauti zetu.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa mtoto wa chini ya miaka kumi ningetanguliza kukariri, kisha maneno yake mwenyewe. Siku mambo yakimharibikia, maneno yake yatakauka kwanza. Yaliyokaririwa hubaki.

Siku moja ya wiki iliyotengwa

Waadventista wa Kisumu, Homa Bay na Kisii wana jambo ambalo sisi wengine tumelipuuza. Sabato yao huanza Ijumaa jua linapotua. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, Januari mpaka Desemba, kwa hiyo saa ya kukutana haihamihami. Kazi zimemalizwa, chakula kimepikwa mapema, nguo zimepigwa pasi, na familia inaimba pamoja kuikaribisha siku. Mtoto halazimiki kuelezwa kwamba siku hii ni tofauti. Anaiona kwenye jiko lililotulia na kuisikia kwenye redio iliyozimwa.

Huhitaji kuwa Mwadventista kuazima mpango huu. Kwa wazazi wa zamu, ndio ninaoupendekeza kuliko wa kila jioni. Chagueni jioni moja, Ijumaa au Jumapili, ambayo wote mnaweza kuwepo, na muitetee kama miadi ya daktari. Saa moja nzima: chakula kizuri kidogo kuliko cha siku nyingine (hata omena zikiongezwa nyanya na dania), kifungu kirefu kinachosomwa kwa zamu, maswali, nyimbo, maombi ya mtu mmojammoja. Kila jioni nyingine iwe na sala fupi tu ya kulala, hata ikiongozwa na dada mkubwa.

Kwa kipimo cha kwanza njia hii inasimama vizuri, maana wiki ikiharibika kuna wiki nyingine, na hakuna deni la siku sita. Kwa kipimo cha pili iko katikati. Kijana wa bweni hawezi kuibeba ile meza, ila anabeba kumbukumbu ya kwamba wiki ina umbo. Upungufu wake ni kwa wadogo. Wiki ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka minne, na habari ya Yusufu uliyoikatia kisimani Ijumaa iliyopita haitakuwepo kichwani mwake Ijumaa hii.

Maongezi ya njiani

Wanaoitetea njia hii hukimbilia Kumbukumbu la Torati 6:7: "Nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Wako sahihi. Lakini wengi huishia hapo na hawafiki aya ya 20, ambapo mtoto ndiye anayeuliza: mambo haya tunayoyashika yana maana gani? Jibu analopewa katika aya ya 21 halianzi na amri. Linaanza na habari: tulikuwa watumwa Misri, Bwana akatutoa. Kutoka 12:26 inafanya hivyohivyo kuhusu Pasaka, na Yoshua 4:6 kuhusu mawe ya Yordani. Mungu anaonekana kupanga mambo makusudi ili watoto waulize.

Kwetu, mahali watoto wanapouliza sana ni matangani. Safari ya kwenda mashambani kuzika, usiku wa kukesha, mwili ukiletwa nyumbani, mahubiri, vilio, mabishano ya wazee kuhusu mila ipi ifuatwe. Mtoto wa miaka tisa anaona vyote, na kwenye matatu ya kurudi Nakuru anauliza habari za babu yake: "Kuka amekwenda wapi? Mbona tuliomba na hakupona?" Hakuna ibada ya jioni itakayokupa nafasi kama hiyo. Ukimjibu "nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa," umemfundisha kwamba imani haina la kusema pale panapouma zaidi. Ukimjibu kwa uongo mtamu, atakuja kuugundua. Sema unachokiamini, sema pia unachokilia. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro huku akijua anachokwenda kufanya. Yohana 11 imeandika yote mawili bila kuona aibu.

Kwa vijana wa miaka 13 kwenda juu, naiweka njia hii mbele ya nyingine zote. Ibada ya jioni haiyawezi maswali yao, kwa sababu mbele ya wadogo hawatayauliza. Nitatoa mfano mmoja mzito. Mwaka 2023 Kenya iliona maiti zaidi ya 400 zikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, za watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwa miongoni mwao. Kijana yeyote mwenye simu aliona. Akikuuliza, "Wale nao si walikuwa wanamtii mchungaji wao, kama unavyoniambia nitii?", utamjibu nini?

Huwezi kujibu swali hilo kama miaka yote umemlea kwa utii peke yake. Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walilipokea neno kwa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Na aliyekuwa akichunguzwa ni Paulo! Mtoto aliyezoea kumuuliza mzazi wake, "Hiyo imeandikwa wapi?", na akaonyeshwa badala ya kuzabwa kofi, ana kinga ambayo mtoto mtiifu wa kimya hana. Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaodhani maswali ni dalili ya imani kupotea. Wa kuogopewa zaidi ni kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kuuliza chochote.

Basi mbona nisiseme njia hii inatosha? Kwa sababu nimeona nyumba nyingi zinazosema "sisi huzungumza tu" na ukweli ni kwamba hawazungumzi. Siku ni fupi, simu iko mkononi, mtoto ana kazi ya shule, na ile nafasi "itakayojitokeza yenyewe" haijitokezi. Maongezi pia yanahitaji mzazi mwenye kitu cha kutoa. Kama hufungui Biblia wewe mwenyewe, njiani utasema nini? Kwa mtoto mdogo, maongezi bila akiba ya maneno na habari za Biblia huelea hewani. Huwezi kumwambia "kumbuka Danieli" kama hajawahi kumsikia.

Mkiwa njiani, zima simu. Miguu hufungua midomo ya vijana kuliko meza, labda kwa sababu hamtazamani usoni. Kutembea kutoka stendi hadi nyumbani, kuchambua sukuma, kuosha gari, kumsindikiza dukani: hizo ndizo saa zenyewe.

Kuwaachia kanisa na shule

Nitakuwa mfupi. Shule ya Jumapili, hata kanisa likijitahidi, ni saa moja kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 52, ukitoa siku za mvua na za likizo. Shuleni kuna somo la dini, na katika shule za msingi kipindi cha PPI, cha mafundisho ya kichungaji. Ni vyema vyote. Katekista anampa mtoto mpangilio wa mafundisho ambao mzazi mchovu hawezi kuutunga, na maandalizi ya komunyo ya kwanza au kipaimara humpa lengo. Wenzake wanampa kitu ambacho wewe huwezi kumpa kamwe, nacho ni kuona kwamba si wa kwao peke yao wanaoamini. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, zinazosali kwa kupokezana nyumba hadi nyumba, huchanganya mambo haya vizuri, kwa kuwa mtoto anaona jirani yule wa duka akipiga magoti sebuleni kwao.

Lakini kama ndiyo njia pekee, inaanguka vipimo vyote viwili. Eli alikuwa kuhani, wanawe wakakua mlangoni mwa hema la Bwana, wakisikia ibada kuliko mtoto yeyote Israeli, na 1 Samweli 2:12 inasema hawakumjua Bwana. Ukaribu na kanisa si urithi. Katuni za Biblia kwenye simu naziweka kundi hilihili: zinasaidia mchana wa mvua, na hazijibu swali hata moja.

Lugha ipi?

Hili halizungumzwi vya kutosha. Mtoto wa Nakuru mwenye baba Mluo na mama Mkikuyu husali kwa lugha gani? Nyumbani wanaongea Kiswahili, nje Sheng, shuleni Kiingereza, na dani yake, bibi wa Kiluo, kule Siaya husoma Muma Maler, Biblia ya Kiluo.

Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya 1952 kina uzuri wake na kinakaririka, ila "uketipo" na "zamani zijazo" humpita mtoto wa leo juu ya kichwa. Habari Njema, iliyotoka 1995, inaeleweka mara ya kwanza. Kwa kusoma pamoja ningechukua Habari Njema, na kwa kukariri ningechukua Muungano. Lugha ya mama ningeiacha kwa nyimbo na kwa bibi. Mtoto anayejua ubeti mmoja wa Kilogooli au wa Kiluo ataimba na shosho au dani yake siku ya Krismasi, na wimbo huo utamshika kwa kamba ndefu kuliko hotuba zako.

Bibi si wa kupuuzwa katika ulinganisho huu. Paulo anapotafuta chanzo cha imani ya Timotheo, katika 2 Timotheo 1:5, anamtaja bibi kwa jina, Loisi, kabla ya mama, Eunike. Nyanza na Magharibi watoto wengi wanalelewa na bibi zao. Kama wako yuko kwa bibi muhula mzima, usimpigie simu kumpangia ibada. Mwulize anafanyaje, kisha wewe uifuate mtoto akija mjini, ili asione kwamba Mungu wa mashambani si wa Kisumu.

Kinachopima njia zote

Huko Marekani, Vern Bengtson na wenzake walianza mwaka 1970 kufuatilia familia zaidi ya 300 za kusini mwa California, kizazi baada ya kizazi, kwa miongo kadhaa. Walipotazama dini ilivyorithishwa, jambo mojawapo lililojitokeza ni upole na ukaribu wa mzazi, hasa wa baba: watoto waliojihisi kupendwa na baba walielekea zaidi kuibeba imani yake kuliko wale ambao baba alikuwa mshika dini lakini mbali au mkali. California si Vihiga. Hata hivyo Waefeso 6:4 ilikwisha kusema: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Kuchokoza kumetajwa kwanza.

Kwa hiyo fimbo ya kuwaleta watoto kwenye maombi iwekwe kando. Mtoto aliyechapwa kwa kusinzia kwenye rozari anaisali rozari na kiboko pamoja, na bwenini atafurahi kuviacha vyote.

Kitu kimoja tunacho hapa kwetu ambacho kinaingia katika njia yoyote. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika Maseno mwaka 1938, ndugu wa uamsho walizoea kutubu waziwazi, mume mbele ya mke, mwajiri mbele ya mfanyakazi, wakiita "kutembea nuruni". Kuna waliopitiliza, sikatai. Lakini mzazi anayeweza kumwambia mtoto wa miaka kumi, "Jana nilikukaripia kwa hasira na nilikosea, nisamehe," amemfundisha injili kwa dakika moja kuliko mwezi wa mafungu. Nyumba isiyo na neno hilo, ibada zake zote ni za kumhusu mtoto peke yake: yeye ndiye mwenye dhambi, yeye ndiye wa kuombewa.

Basi uchague nini?

Kama mzazi mmoja angalau hufika nyumbani kabla ya saa mbili usiku siku nyingi, na watoto wako chini ya miaka kumi, chukua ibada ya kila jioni, fupi, ya kukariri kwa wingi, watoto wakiongoza kwa zamu. Usisubiri baba awepo ndipo muanze. Akija katikati, akae na kuitikia.

Kama nyumba ni ya zamu, ya safari au ya mzazi mmoja anayefanya kazi mbili, usijitwike kila jioni. Chagua jioni moja ya wiki, na kwa siku nyingine mwachie mtoto mkubwa sala ya kulala. Muuguzi anaweza kutuma ujumbe wa sauti wa nusu dakika kutoka zamu, akimwombea kila mtoto kwa jina. Watoto huurudia rudia kuusikiliza.

Kama wewe ni Mkatoliki na mwenzako ni wa Pentekoste, au mmoja anashika Jumamosi na mwingine Jumapili, msianze na siku wala na rozari. Anzeni na mnavyokubaliana: Baba Yetu, Zaburi na Injili, kila jioni, na kila mmoja awapeleke watoto kwa ibada yake bila kuisimanga ya mwenzake mezani. Watoto wanastahimili tofauti za makanisa. Dharau kati ya baba na mama ndiyo inayowatoa kwenye yote mawili.

Watoto wakivuka miaka 12, punguza ibada na uongeze njia. Gredi ya 9 iwe mwaka wa mazoezi: kijana aanze kusali peke yake asubuhi, achague mwenyewe kitabu cha Biblia cha kusoma, na ajue kabla ya kuondoka kama shule anayokwenda ina vikundi vya wanafunzi Wakristo kama CU au YCS na hukutana lini. Ukimwomba Mungu pamoja naye mpaka usiku wa mwisho bila kumwacha aombe peke yake hata mara moja, umemnyima mazoezi.

Na kama unaanza leo, kijana ana miaka 16, yuko likizo, na nyumba yenu haijawahi kuwa na ibada ya aina yoyote, tafadhali usimwitie kikao. Mwambie ukweli, kwamba unataka kuanza kusoma Injili ya Marko na hutaki kuisoma peke yako. Ina sura 16. Sura moja kila Jumapili jioni baada ya chakula haizidi robo saa. Yeye asome kwa sauti, wewe ndiye uulize maswali, hata yale ambayo huna majibu yake. Akikataa wiki ya kwanza, soma ukiwa palepale mezani, usinong'one, na mwache ale.